Maswali ya Wasomaji: Kujiandikisha Hotelini na Melini kwa Safari ya Familia

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zimetoka kwa familia zenye ndugu Marekani, ambazo zimelipiwa likizo ya aina moja: siku kadhaa katika hoteli ya mapumziko mjini Orlando, jimbo la Florida, kisha siku kadhaa ndani ya meli ya kitalii inayoondoka bandari ya Port Canaveral. Tumechagua barua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Kaka yangu anayeishi Houston ametulipia mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe siku tatu katika hoteli ya Disney huko Orlando, na siku nne katika meli ya kampuni hiyo hiyo. Kwa kuwa malipo yalifanyika kwa pamoja, anasema tukishajiandikisha hotelini tutakuwa tumemaliza kila kitu. Je, ni kweli? Na tukiamua kuziacha siku za hoteli ili tupunguze gharama, tunaweza kutua Orlando asubuhi ya siku ile ile meli inapoondoka?
*Mama N., Tabata, Dar es Salaam*

Mama N., kaka yako amewatendea wema mkubwa, lakini katika hili msimfuate. Malipo ni ya pamoja, ila kujiandikisha ni mara mbili na kwa masharti tofauti. Disney ilianza kupokea wageni huko Orlando mwaka 1971, na meli zake zikaanza safari mwaka 1998. Ingawa mwenye mali ni mmoja, hoteli huendeshwa kwa taratibu za hoteli, ilhali meli hufungwa na sheria za bahari na za uhamiaji. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini hotelini mtaulizwa mambo machache na melini mtaulizwa mengi.

Hoteli ni nyepesi. Mtajiandikisha kwa programu ya simu siku nyingi kabla ya kufika, mkitaja saa ya kuwasili na kusajili kadi ya benki, na chumba kikiwa tayari mtapata ujumbe wenye namba yake. Vyumba vingi hukabidhiwa kuanzia saa tisa alasiri, na siku ya kuondoka mnatakiwa muwe mmetoka kufikia saa tano asubuhi. Mkifika mapema, mizigo yenu itapokelewa na kutunzwa huku mkiendelea na matembezi. Jambo la kuangalia kwa makini ni kadi, kwa sababu hoteli nyingi za Marekani huzuia kiasi fulani cha fedha kama dhamana ya matumizi ya ziada, na ikiwa ni kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti yenu, fedha hizo hazitatumika kwa lolote mpaka zifunguliwe, jambo ambalo huweza kuchukua siku kadhaa baada ya ninyi kuondoka. Kadi mnayoitegemea kwa chakula na usafiri isiwe ndiyo ya dhamana. Kama kaka yako anataka kubeba gharama hiyo pia, azungumze na hoteli mapema, maana mhudumu wa mapokezi anaweza kukataa kadi ya mtu ambaye hayupo mbele yake.

Meli ni habari nyingine. Kwa abiria wanaosafiri na Disney kwa mara ya kwanza, kujiandikisha kwa mtandao hufunguliwa siku 30 kabla ya safari, usiku wa manane kwa saa za Florida, yaani saa moja asubuhi ya Dar es Salaam wakati wa majira ya joto ya Marekani, na saa mbili asubuhi wakati wa majira ya baridi. Kampuni nyingine zina siku zake, kwa hiyo mtu anayesafiri na meli nyingine asiichukue hesabu hii kama ilivyo. Mtapakia picha ya uso ya kila mmoja, wakiwemo watoto, picha ya ukurasa wa pasipoti wenye maelezo, jina na simu ya mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura, na kadi ya kulipia matumizi ya melini. Kisha mtachagua saa ya kufika bandarini. Saa za mapema huchukuliwa upesi sana, na anayejiandikisha wiki mbili baadaye kwa kawaida hukuta zimebaki za mchana tu. Kwa familia yenye bibi na watoto ninashauri kwa dhati muamke siku hiyo na kulimaliza jambo hili kabla ya chai, kwa kuwa kufika mapema ni kupita foleni fupi na kupata mlo wa mchana melini, ambao tayari mmekwisha kuulipia.

Saa ya kufika ikishapangwa, iheshimuni. Sheria ya Marekani inaitaka meli ipeleke orodha ya watu wote waliomo si chini ya dakika 60 kabla ya kung'oa nanga, ndiyo maana milango ya jengo la abiria hufungwa muda mrefu kabla ya saa ya kuondoka mliyoandikiwa kwenye tiketi. Atakayefika baada ya hapo hatapanda, hata kama meli bado inaonekana imefungwa gatini, na kwa kawaida fedha zake hazirudi. Hotelini, mkichelewa ndege na kuingia saa nane za usiku, mradi mmewaarifu, mtapokewa. Melini hakuna wa kumwomba.

Kwa sababu hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Kutoka uwanja wa ndege wa Orlando hadi Port Canaveral ni mwendo wa kama saa moja kwa basi, na huo si tatizo. Tatizo ni kwamba safari yenu kutoka Dar es Salaam itakuwa na ndege mbili au tatu, na ndege moja ikichelewa Doha, Dubai au Istanbul, siku yote imeharibika. Tena begi likibaki njiani, shirika la ndege linaweza kulileta hotelini kesho yake, lakini ni vigumu sana kulifikisha kwenye meli iliyo katikati ya bahari. Siku za hoteli mnazoziona kama gharama ndizo zinazoilinda safari ya meli. Mkilazimika kupunguza, punguzeni hadi siku moja, msiziondoe zote.

Niongeze mambo mawili ambayo ndugu zetu walioko Marekani husahau kutuambia. Kwanza, usafiri kutoka hotelini hadi bandarini haumo moja kwa moja kwenye malipo. Basi la kampuni hununuliwa kama nyongeza, na ukaguzi wa jambo hili ufanyike sasa, si asubuhi ya kuondoka. Pili, mkipangana saa kwa simu, kila mmoja ataje kama ni ya asubuhi, mchana au usiku. Wengi waliokaa ng'ambo miaka mingi wameanza kusema "saa tatu" wakikusudia saa tisa, na kwa hoteli hilo halina madhara, lakini kwa basi la bandarini lina madhara makubwa.

Dada yangu anayeishi Florida amenialika nijiunge na familia yake kwa safari ya meli ya siku nne, kwenda Nassau na kurudi. Nitasafiri na mtoto wa kaka yangu mwenye umri wa miaka 11, na wazazi wake watabaki Kenya. Dada, ambaye sasa ni raia wa Marekani, anasema watoto wake wanapanda meli kwa cheti cha kuzaliwa tu. Je, sisi viza ya Marekani inatutosha? Na itakuwa tatizo kwamba jina langu la mwisho na la mtoto hayafanani?
*Shangazi wa Likoni, Mombasa*

Shangazi, dada yako anasema kweli kwa upande wake. Raia wa Marekani anayepanda meli inayoanzia na kumalizia katika bandari ile ile ya Marekani anaruhusiwa kurudi nyumbani kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto wake aliye chini ya miaka 16 kwa cheti peke yake. Nafuu hiyo haikuhusu wewe wala mtoto. Ninyi mnahitaji pasipoti na viza, na viza yenyewe iwe inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Sababu yake inastahili kuelezwa. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera za kigeni kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine, au kuwazungusha na kuwarudisha, bila kutia nanga katika nchi ya nje. Karibu meli zote kubwa za kitalii zinazotoka Florida zina bendera za kigeni; za Disney, kwa mfano, zimesajiliwa Bahama. Ndiyo maana hata safari fupi ya siku tatu hupita Nassau au kisiwa cha kampuni kilichoko Bahama. Mnaposhuka Nassau mmeshatoka Marekani kabisa, na mnaporudi Port Canaveral mnaingia upya, mbele ya ofisa wa uhamiaji, kama mlivyoingia siku mlipotua kwa ndege.

Fungueni pasipoti zenu sasa hivi muitazame karatasi ya viza. Mtaona neno Entries, na chini yake herufi au tarakimu. Ikiwa ni M, mnaruhusiwa kuingia mara nyingi. Ikiwa ni S au 1, mmeruhusiwa mara moja tu, na hiyo mtaitumia uwanja wa ndege, kwa hiyo safari ya meli itakuwa ya kwenda bila ruhusa ya kurudi, na kampuni ikiligundua hilo kaunta ya bandarini itawaacha nchi kavu. Tazameni pia tarehe ya mwisho ya viza, iwe inafika siku ya kurudi na ziada. Masharti ya kuingia Bahama kwa pasipoti ya Kenya yaulizeni kwa maandishi kwa kampuni ya meli, mkitaja uraia wenu waziwazi, kwa sababu maelezo wanayotuma kwa abiria wote huandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Chukueni na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa visiwa kadhaa vya Karibi huidai kwa watu wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, nayo Kenya imo. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, kwa hiyo ya zamani haihitaji kufanywa upya.

Kuhusu majina, kutofanana si kosa. Kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu, nawe umebeba la baba yako na la babu yako, na maofisa wa viwanja vya ndege wamekwisha kuzizoea familia za namna hii. Wanachotafuta ni uthibitisho kwamba mtoto hakuibwa. Andaeni barua ya ridhaa iliyotiwa saini na wazazi wote wawili mbele ya wakili, ikitaja jina kamili la mtoto na namba ya pasipoti yake, jina lako na uhusiano wenu, tarehe za kwenda na kurudi, jina la meli, na namba za simu ambazo wazazi watazipokea hata usiku. Ambatanisheni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Zaidi ya barua hiyo, kampuni za meli huwa na fomu yao wenyewe kwa mtoto anayesafiri bila mzazi, na fomu hiyo lazima ijazwe kabla ya siku ya kupanda. Barua moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mnapojaza fomu za mtandao, andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani mtoto anaitwa vingine. Na kumbukeni kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 4 Novemba akiandikiwa 04/11, kwao amezaliwa tarehe 11 Aprili, na tarehe hiyo haitalingana na pasipoti pale kaunta. Kosa hili huonekana dogo, lakini ndilo linalozichelewesha familia zetu kuliko lolote jingine ninalolisikia.

Sisi ni familia yenye asili ya Unguja tunayoishi Oman. Naomba kujua mizigo hukabidhiwaje bandarini, na vitu gani havifai kuchukuliwa. Sisi hatusafiri bila chetezo na udi, na mama hupenda kubeba vyakula alivyopika mwenyewe.
*Bi. S., Maskati*

Bi. S., siku ya kupanda mtafika nje ya jengo la abiria na kuwakuta wapagazi wakipokea mabegi makubwa. Kila begi liwe na lebo yenye jina na namba ya chumba, ambayo kampuni huituma mapema au huwaruhusu muichapishe wenyewe. Tangu hapo hamtaliona mpaka litakapoletwa mlangoni pa chumba, wakati mwingine baada ya chakula cha usiku. Vyumba vyenyewe hufunguliwa mchana, kiasi cha saa saba na nusu, kwa hiyo kuanzia mnapopanda mtakaa na mfuko wa mkononi tu. Humo wekeni dawa zote, nepi na maziwa ya mtoto, nguo za kuogelea za kila mmoja, na nguo moja ya kubadilisha. Pasipoti zisiguse begi kubwa kabisa. Wapo wanaozifungia humo kwa nia njema ya kuzihifadhi, kisha wakafika kaunta mikono mitupu huku begi likiwa tayari chini ya meli, na kulitafuta begi moja kati ya maelfu ni shughuli inayoweza kumaliza muda wote uliobaki.

Chetezo na udi viacheni nyumbani. Melini adui anayeogopwa kuliko wote ni moto, na kila begi hupita kwenye mashine ya ukaguzi. Makaa, ubani, udi na mishumaa havikubaliki, na pia pasi ya umeme, birika la umeme na jiko dogo la aina yoyote. Vikikutwa huchukuliwa na kurudishwa mwisho wa safari, na begi lenyewe huchelewa. Mafuta ya udi na manukato ya chupa hayana tatizo.

Vyakula vya kupikwa nyumbani kwa kawaida hukataliwa pia, ingawa vitafunio vilivyofungwa kiwandani huruhusiwa. Badala yake, andikeni ombi la chakula halali wakati wa kulipia safari au wiki kadhaa kabla, kisha jioni ya kwanza mlikumbushe kwa mhudumu wa meza yenu. Meli hupakia nyama yake kabla ya kuondoka, kwa hiyo ombi linalotolewa mezani kwa mara ya kwanza hupata samaki na mboga.

Mke wangu atakuwa na ujauzito wa wiki 23 siku ya kupanda meli, na safari ni ya siku saba. Daktari wake hana pingamizi. Mdogo wangu naye anataka kuja na mtoto wa miezi mitano. Tutaruhusiwa?
*Baba K., Minneapolis*

Hapana kwa wote wawili, na ninasikitika kulisema. Kampuni kubwa huhesabu wiki za ujauzito hadi siku ya mwisho ya safari, na anayefikisha wiki 24 kabla ya kurudi hapandi, hata akiwa na barua ya daktari, kwa sababu zahanati ya meli haina uwezo wa kumhudumia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kwa watoto wachanga umri wa chini kwa safari nyingi ni miezi 6, na kwa baadhi ya safari ndefu ni mwaka mmoja. Sogezeni tarehe ya safari, au chukueni sehemu ya hoteli peke yake, ambayo haina masharti hayo. Lifanyeni mapema, kabla ya tarehe ambayo fedha haziwezi tena kurudishwa.

Tumeambiwa kwamba baada ya kujiandikisha na kupanda, abiria wote lazima wahudhurie zoezi la usalama. Baba yetu ana umri wa miaka 78 na mguu wake mmoja ni mbovu. Je, anaweza kubaki chumbani apumzike?
*Watoto wa Mzee M., Mwanza*

Hawezi, na ningeomba msimtafutie njia ya kukwepa. Zoezi hilo ni sehemu ya mwisho ya kujiandikisha kwenyewe. Zamani sheria ya kimataifa iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, abiria waliokuwa wamepanda saa chache tu kabla, katika bandari ya Civitavecchia, walikuwa bado hawajaonyeshwa pa kukimbilia. Watu 32 walikufa. Tangu tarehe 1 Januari 2015 zoezi linafanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na kila kichwa huhesabiwa.

Ninyi wa Mwanza hamhitaji kuelezwa uzito wa kuhesabiwa. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, orodha iliyokuwepo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Waliokuwa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja idadi kamili ya waliopotea. Majina, picha, pasipoti na maswali yote tuliyoyataja katika majibu yaliyotangulia yana kazi ya namna hiyo hiyo: kujua kwa hakika ni nani yumo melini.

Kwa mzee mwenyewe zoezi si gumu. Katika baadhi ya meli abiria hutazama maelezo kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha kila mmoja hufika mara moja kwenye kituo chake, yaani mahali alipopangiwa kukusanyika wakati wa hatari, na kadi yake ya melini kusomwa. Katika nyingine watu wote hukusanyika kwa pamoja. Namba ya kituo imeandikwa kwenye kadi au bangili yake, na pia nyuma ya mlango wa chumba. Wakati wa kujiandikisha kwa mtandao, jazeni sehemu ya abiria wenye mahitaji maalumu na mseme waziwazi kwamba hawezi kushuka ngazi haraka. Mkifanya hivyo ataandaliwa kiti cha magurudumu bandarini, nalo jina lake litaingia katika orodha ya wale ambao mabaharia huwaendea wenyewe chumbani king'ora kikilia. Ombeni pia chumba kilicho karibu na lifti, na muombe sasa, maana vyumba hivyo ni vichache.